Aliyenichukulia Baba Stella

Nyumbani mgombani,
Old Moshi.
Jumanne.

Kwako dada yangu mpendwa Salvina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu wako uliokuwa unavimba kwa kusimama gengeni kutwa umepata nafuu. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Mvua zimeshika vizuri, migomba imechangamka, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha na mimba amezaa jike. Mama mkwe naye hajambo. Anakula, anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima kabisa. Anakusalimu, na anauliza kwa nini mtu anayekaa Holili hapo tu anaonekana mara moja kwa mwaka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na vocha ninayo. Nimeandika kwa makusudi. Ningekupigia, ungenikatiza kwenye sentensi ya pili, ungeanza kunifokea au kunitetea, nami ningelia nisimalize. Karatasi hainikatizi. Nimemkabidhi Martin wa ile Noah ya abiria inayokuja huko kwenu, akupe mkononi, na nimemwambia akiifungua nitajua.

Dada, wiki mbili sasa unaniuliza kama ni kweli Baba Stella ametengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya tambiko, nami kila mara nakwambia sikusikii, mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Ni kweli mume wangu Eliufoo ametengwa, na huu ni mwezi wa nne. Nawe unajua Jumapili hii Stella anapata kipaimara. Utaratibu wa usharika wetu unaufahamu: mtoto akishabarikiwa anapiga magoti mezani kwa mara ya kwanza, baba kulia kwake, mama kushoto kwake. Baba aliyetengwa haendi. Stella ameusubiri huo mstari wa watu watatu tangu akiwa mdogo wa kucheza kanisa na wenzake kwa maji na vipande vya ndizi.

Ili unielewe lazima nianze na wivu. Nakwambia waziwazi, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na unajua nilivyo. Ulininunulia gauni la maua, nikaona la mwenzangu ndilo lenye maua zaidi. Sijabadilika.

Eliufoo unamfahamu. Ukimwambia nyumba inaungua atasema ehe, kisha ataenda kutafuta ndoo. Miaka yote aliyokuwa mlimani, kwanza mpagazi, baadaye kiongozi wa wageni, nilijisemea kwamba maneno yake anayamalizia huko juu kwa Wazungu, na mimi ninaletewa mwili uliochoka. Nikavumilia. Nikasema siku akiacha mlima nitampata mume wangu mzima mzima, tutakaa barazani tuongee kama watu. Basi goti likamharibikia, akaacha mlima, akarudi kwenye kahawa na ng'ombe wake wawili. Nikangoja maneno. Nikapata ehe.

Kisha ikaja Kwaresima ya mwaka jana. Mwinjilisti Mathew alitufundisha juma zima. Alisema sisi tumezoea kwenda kwa Mungu kama watu wanaokwenda ofisini: unapanga foleni, unatoa shida yako, unaondoka. Akasema tumesahau kwamba tumeitwa kukaa naye na kumfurahia, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kama mtu anavyokaa na watu wa kwao. Mimi nililiandika somo lote kwenye daftari la kikundi cha wanawake, kwa wino wa rangi mbili, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti. Eliufoo hakuandika chochote. Alikwenda kulifanya.

Kuanzia juma lile, kila siku saa kumi, akishakamua na kuwapa ng'ombe majani, anajaza mtindi kwenye kile kibuyu cha marehemu baba yake, anapanda hadi juu kabisa ya kihamba, shamba letu la ukoo, kule kwenye mimea ya masale walikozikwa wazee. Anakaa saa nzima. Anarudi kibuyu kitupu na uso umenawiri kama wa bwana harusi. Nikimuuliza alikuwa wapi anasema juu. Nikimuuliza alikuwa na nani, anatabasamu. Dada, mume wangu akitabasamu kwa swali hilo, wewe ungefikiri nini?

Nilifikiri hicho hicho. Shamba la jirani yetu Avelina linapakana na yale makaburi, na Avelina ni mjane, bado mnene, na anapika mtori wa kusifiwa. Nikapanga kumfumania. Siku moja nilimwacha Eliufoo atangulie, nikavua ndala, nikapita katikati ya migomba nikiwa nimejifunga kanga kiunoni kwa ajili ya kupigana. Nikajificha nyuma ya mkuyu. Avelina hakuwepo. Mume wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye sementi ya kaburi la baba yake, anaongea.

Dada, nilisema moyoni, huyu mtu kumbe anajua kuongea! Alianza na Mungu Baba. Alimwita Ruwa, kama bibi alivyokuwa akimwita, lakini bila ile sauti ya kuogopa. Alimshukuru kwa vitu ambavyo mimi sikujua hata kama ameviona: kwamba goti halikumuuma kwenye mteremko, kwamba maua ya kahawa yalitoka yote siku moja, kwamba Stella amerithi kicheko cha bibi yake. Kisha akamgeukia Bwana Yesu, na sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayepiga soga na mwenzake wa kazi. Alimsimulia jinsi shingo inavyokufa ganzi ukibeba mzigo wa mgeni kwenye kifusi cha mlimani, akamwambia wewe kubeba unakujua. Akacheka! Katikati ya maneno alikuwa anakunywa mtindi wake taratibu, funda kwa funda, mpaka akakigeuza kibuyu akakigonga kitako apate tone la mwisho. Halafu akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Wapi. Alikaa kimya robo saa nzima, mikono magotini, anatabasamu, na hapo nikaelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya Roho Mtakatifu, na kwamba wao wawili hata maneno hawayahitaji. Hapo ndipo nilipoumia. Mimi pia ananikalia kimya, lakini mimi ananikalia kimya akiangalia redio.

Nilishuka nikilia. Ningemkuta na Avelina ningejua la kufanya, ningemvua kilemba na kijiji kingenielewa. Wenzangu wanaibiwa mume na mtu mmoja, tena mwenye jina na mlango. Mimi nimeibiwa na Utatu Mtakatifu. Niende nikamshitaki nani, na kwa nani?

Na usidhani wivu ulikuwa wa aina moja. Nilimwonea Mungu wivu kwa sababu ya mume wangu, halafu nikageuka nikamwonea mume wangu wivu kwa sababu ya Mungu. Maana nani alimwingiza Eliufoo kanisani? Si mimi? Alikuwa mtu wa Krismasi na Pasaka huyu. Mimi nimeimba kwaya miaka ishirini, nimefagia madhabahu, nimekesha kwenye misiba ya watu nisiowajua. Nikapiga magoti chumbani nikajaribu nami kuongea kama yeye. Nikataja wagonjwa, nikataja wajane, nikataja viongozi wa serikali, nikasema amina. Niliangalia saa, zilikuwa dakika nne. Nilikuwa nasali kama mtu anayesoma matangazo ya usharika.

Nilipomlalamikia Eliufoo kwa hasira kwamba anawapa wengine maneno yangu, alinishangaa. Alisema nipande naye, nafasi ipo. Dada, nilikataa. Nilimwambia mimi sipandi kwenda kuwa mgeni katika mazungumzo ya mume wangu. Sasa naona ulikuwa mwaliko mzuri kuliko wote niliowahi kupewa, lakini siku ile niliusikia kama matusi.

Sasa nifike kwenye hilo la kutengwa. Avelina naye alikuwa amemwona, mara nyingi, mtu mzima na kibuyu kwenye makaburi kila jioni. Wewe mwenyewe niambie, mtu wa huku akiona hivyo anafikiri nini? Babu yake Eliufoo alijulikana kwa matambiko, alikuwa anamwaga pombe pale pale chini ya masale hata baada ya kubatizwa. Avelina akasema, watu wakasema, neno likafika kwa Mama Ruth, mzee wetu wa kanisa. Mama Ruth akalipeleka kwenye baraza la wazee wa kanisa. Eliufoo akaitwa, akaulizwa kama ana la kujitetea. Akasema hana. Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa, na mume wangu akasikiliza akiwa amesimama kama wanavyotakiwa kusimama. Stella alilia mpaka akatolewa nje. Jioni yake, saa kumi, Eliufoo akajaza kibuyu akapanda.

Nilikasirika! Nilitaka aumie. Nilitaka arudi kwangu amevunjika, nimbembeleze, nimpikie uji, aniambie habari zake zote mimi. Hakuvunjika. Alikuwa na huzuni, hilo niliona, siku za Chakula cha Bwana alikuwa anashika sana ukingo wa benchi. Lakini alipanda na huzuni yake hiyo hiyo, akashuka nayo imepungua, na mimi sikuhusishwa. Na mimi kila mwezi nilienda mezani, nikapokea, nikarudi kukaa pembeni yake.

Dada Salvina, kaa chini sasa. Hili ndilo nililoshindwa kukwambia kwa simu.

Kabla ya kulipeleka neno kwenye baraza la wazee, Mama Ruth alikuja kwangu. Alikuja kwa heshima, kama mama, hakutaka kumwonea mtu. Aliniambia maneno ya watu ni maneno ya watu, lakini wewe ndiye mkewe, wewe ukisema si kweli nalizima leo hii hapa jikoni kwako. Akaniuliza Eliufoo anafanya nini kule juu. Nilikuwa namenya ndizi. Nilijua, dada. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu na kuona kwa macho yangu. Nikamwambia anapanda na kibuyu kimejaa na anarudi na kibuyu kitupu. Basi. Sikuongeza neno. Mama Ruth alishika kifua, akaninyang'anya kisu nisije nikajikata, akanipa pole. Nikaipokea ile pole. Nikatoa na chozi.

Sikusema uongo hata neno moja, na huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Nilifikiri wakimkataza kupanda atabaki barazani na mimi. Nilifikiri nimempata yule aliyenichukulia mume wangu, nimemfungia mlango.

Alhamisi iliyopita Stella alijaribu gauni lake jeupe. Alizunguka mbele ya baba yake, halafu akamwuliza taratibu kama mzee wa kanisa yeyote anaweza kusimama mahali pake. Eliufoo akasema ehe. Ehe ile ilinikata. Nilimfuata kwenye banda la ng'ombe, nikamwambia yote, la jikoni na la mkuyu na la Avelina, nikangoja anipige au aniambie nirudi kwetu.

Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Mchungaji alimsomea ushahidi, na ushahidi ulikuwa wangu. Halafu akaongea, dada, maneno mengi kuliko alivyowahi kuniambia kwa siku moja. Alisema angejitetea, baraza lingeona mke ndiye aliyemchongea mumewe, na ningetengwa mimi. Lazima mmoja wetu angekaa benchi. Akaona yeye benchi analiweza, kwa sababu wale anaokula nao Jumapili mezani anawakuta hata Jumatatu kule juu. Mimi alinihofia. Alisema aliogopa kwamba mezani ndipo pekee ninapowakuta, na nikinyimwa pale nitakuwa sina pengine.

Nilitamani anipige. Ningekuwa na cha kumlaumu. Na hata hapo, mbolea miguuni na machozi usoni, nilimwonea wivu. Nilijiuliza mtu anapata wapi moyo wa namna hiyo, na kwa nini yeye.

Ijumaa nilikwenda kwa Mama Ruth, halafu kwa Mchungaji. Jumamosi baraza likakaa. Mama Ruth alilia kunishinda, akisema aliniuliza kama mama. Wameamua hivi: Jumapili, kabla ya watoto kubarikiwa, yatasomwa majina mawili. La Eliufoo linarudishwa. La kwangu linatengwa, miezi sita, na uenyekiti wa kikundi nimeukabidhi. Eliufoo aliwaomba wanisamehe pale pale. Nikawaambia hapana. Yeye amekaa miezi minne kwa ajili yangu, mimi sitapiga magoti karibu naye kwa gharama yake tena.

Stella hanisemeshi. Ametoa gauni lake kwenye kabati langu amelipeleka kwa bibi yake. Simlaumu, ingawa kila nikifungua lile kabati natukana kimoyomoyo.

Sasa nikwambie la jana. Nilikuwa peke yangu nakata majani ya ng'ombe pale ukingoni mwa mfereji. Sikuwa nimekusudia kusali. Nilikuwa na hasira, nikasimama na mundu mkononi nikasema kwa sauti: nakuonea wivu. Nikasema umenichukulia mume wangu, na ulichompa yeye mimi hujanipa, na nimekufanyia kazi miaka ishirini. Nikamwambia Bwana Yesu anisamehe kwa kile nilichosema jikoni. Nikasema sijui kuongea na nyinyi, sijui naanzia kwa nani kati yenu. Nilipomaliza hayo nikawa sina zaidi. Hakuna sauti iliyonijibu, dada, usije ukatangaza huko Holili kwamba mdogo wako ameona maono. Ila sikutaka kuondoka. Nilikaa pale chini kwenye majani niliyoyakata, sina orodha, sina wagonjwa wa kutaja, mpaka ng'ombe walipoanza kulia kwa njaa. Ilikuwa zaidi ya dakika nne.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Asubuhi hii nilimwona Eliufoo anaosha kibuyu chake nikasikia ule mchomo. Lakini sasa najua ninachokitaka, na kumbe hakikuwa cha kumnyang'anya mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Njoo Jumamosi, funga genge siku mbili, mguu ukikubali. Vaa kile kitenge cha bluu, kipo sawa na pazia la kanisa na Stella anakipenda. Kulia kwake atapiga magoti baba yake. Kushoto kwake, mahali pangu, piga magoti wewe. Mimi nitakuwa benchi la nyuma karibu na mlango. Nikilia msigeuke, endeleeni kula.

Wasalimu shemeji na watoto, na yule jirani yako wa genge la vitunguu. Mama mkwe anasema ulete chumvi ya mawe. Bwana akulinde njiani mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Elisifa, Mama Stella.